Kisima cha Tisa

Mwaka 1975 mvua iliisusa Tabora kwa mara ya pili mfululizo, na ilipofika Oktoba bwawa lilikuwa limebaki tope. Mabomba ya mjini yakawa hayatoi maji, yanatoa pumzi. Ukifungua koki unasikia hewa ikitembea ndani ya chuma, ikigonga kila kona inayoipita, go, go, go, kisha kimya. Wengine walitukana kidogo, wakabeba madebe yao kwenda kupanga foleni kwenye behewa la maji pale stesheni. Hilari Lugembe yeye hakuweza kuisikia sauti ile bila kutokwa na jasho.

Na ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa maji wa mji. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kuinama penye koki na kusikiliza. Mkewe alimwona akirudi jioni amekunjamana uso, chakula akikisukuma kando, akadhani ni ukame unamwumiza roho. Mtu akikaa na mume miaka kumi anaweza kukosea hivyo bila kulaumiwa.

Ofisini alikuwa ameletwa mhandisi mpya, Eustace, kijana mwenye kalamu nne mfukoni na maneno mengi, lakini maneno yenyewe yalikuwa na akili. Asubuhi moja aliwakusanya mafundi, akatandika ramani ya mji mezani.

"Ndugu zangu, mji huu uliishi miaka mingapi kabla ya bomba?" aliuliza. "Misafara ya watu mia tano, watu elfu, ilikuwa ikitua hapa ikitoka pwani kwenda Ujiji. Wapagazi wanakunywa, punda wanakunywa, wenyeji wanakunywa. Walikunywa nini?"

"Visima," alijibu Tobias, fundi kijana.

"Visima. Na kila kisima kilikuwa na mikuyu yake na mifereji ya kukinga mvua. Sisi tukaziba visima, tukakata mikuyu tukachomea matofali, tukajenga juu ya mifereji. Sasa mvua ikinyesha inateleza juu ya bati, inateleza barabarani, inakimbilia darajani inapotea. Tumelinyima maji shimo letu wenyewe, halafu tunalia kiu. Ndugu Lugembe, nasikia wewe ndiye uliyeviziba."

"Mimi," Hilari alisema. "Mwaka sitini na nne."

"Basi wewe ndiye utakayetuonyesha vilipo. Tuvifungue, tuvisafishe, tupande miti upya, tuchimbe mifereji. Kila mtaa utunze kisima chake. Vilikuwa vingapi?"

Hilari aliinamia ramani, akatia alama kwa penseli, moja baada ya nyingine, mkono wake ukitembea polepole. Alipomaliza, alama zilikuwa nane.

Visima vilikuwa tisa.

Cha tisa kilikuwa Gongoni, kando ya njia ya zamani ya Ujiji, nacho watu walikiita Kisima cha Wapagazi. Hakikuwahi kukauka, hata mwaka wa njaa ambao wazee walikuwa wakiutaja kwa kushusha sauti. Kilikuwa kirefu, na chini kabisa kilikuwa na pango lililochongwa pembeni kuufuata mkondo wa maji, kiasi kwamba mtu akiingia humo, aliye juu hamwoni hata akichungulia mpaka macho yamtoke. Kilikuwa na desturi yake pia. Kabla ya kuteka au kufanya lolote, unachukua jiwe, unagonga ukingo mara tatu, unauliza, "Wenyewe mpo?" Kisha unasubiri. Watu wa Gongoni waliamini kwamba wenyewe ni wale wapagazi waliokufa njiani kwa kiu, wakatupwa porini bila kuzikwa, na kwamba lazima wapewe nafasi ya kunywa kwanza.

Ukweli ni kwamba desturi ile ilikuwa na akili kuliko walioishika. Kila mwaka kabla ya mvua fundi wa visima alikuwa anashuka kwa vidato vilivyochongwa ukutani, anaingia pangoni na koroboi yake kufukua tope. Ukigonga, anakugongea. Lakini miaka ilivyopita watu walibaki na wapagazi, wakamsahau fundi.

Fundi wa mwisho aliitwa Mabruki, mtu mwembamba, mcheshi, nyumba yake hatua mia moja kutoka kisimani. Mkewe, Mwamvita, alikuwa akikaanga vitumbua barazani.

Mwaka sitini na nne Hilari alikuwa kijana wa Kigwa aliyetoka kusoma ufundi Dar es Salaam, amerudi na suruali ya kaki na dharau tele. Bomba lilikuwa limefika mitaani. Uhuru ulikuwa na miaka mitatu, na mgeni mkubwa alikuwa anakuja kwenye sherehe. Hilari aliambiwa azibe visima vyote, mgeni asije akakuta wanawake wanainamia mashimo. Kisima cha tisa kilipangiwa Jumatatu, na tangazo likabandikwa hivyo. Ila lori lilipatikana Jumamosi, na Hilari hakuwa mtu wa kuliacha lori likae bure.

Walifika na mfuniko wa zege uliokwisha kumwagwa na kukauka. Mkabala na kisima alikuwa amekaa bibi mmoja akichambua mchele. Akamwambia, "Mwanangu, gonga kwanza uulize."

Vibarua walisimama wakimtazama Hilari. Hapo ndipo alipojikwaa, kwa sababu alikuwa kijana, na walikuwa wanamtazama. "Bibi," alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "serikali haipigi hodi kwa mizimu."

Vibarua wakacheka. Walichungulia juujuu, wakaona maji yanang'aa mbali huko chini, wakausukuma mfuniko kwa mitaimbo mpaka ukakaa. Mayala, kibarua wa Kisukuma mwenye nguvu za fahali, akaanza kupaka saruji pembezoni. Ndipo ikaja sauti. Kwanza mvumo, kama wa nyuki ndani ya mzinga, halafu mlio wa chuma kikigonga jiwe. Mayala alitupa mwiko, akakimbia bila kuangalia nyuma, na wenzake nyuma yake.

Hilari alibaki peke yake. Alikuwa na hofu, tusimwonee, lakini aliogopa zaidi kuonekana ana hofu. Aliokota mwiko. Akacheka. "Ndio wapagazi wenu hao?" aliwapigia kelele waliokimbia. "Waambieni sasa ni Uhuru!" Akageuza mwiko, akagonga mfuniko kwa mpini wake mara tatu kwa mzaha, kama anayewajibu. Kisha akapaka saruji mwenyewe mpaka mwisho, vizuri, bila kuacha tundu.

Jumapili na Jumatatu Gongoni hawakulala vizuri. Mayala alimletea habari kazini: watu wanasikia wapagazi wanagonga chini ya zege, wamekasirika kuzibiwa. Wametoa watoto kwenye nyumba za karibu, wamesoma kisomo, wamefukiza ubani juu ya mfuniko, wamewaomba wenyewe radhi. Hilari alicheka tena, safari hii akiwa ofisini, mbele ya karani.

Jumanne alimwona Mayala amevaa makatambuga ya tairi ambayo hakuwa nayo kabla. Akamuuliza amepata wapi.

"Niliyaokota pale kisimani, Jumamosi, kabla hatujaziba. Hayakuwa na mwenyewe."

Hilari aliyatazama yale makatambuga. Yalikuwa yametoboka kidole gumba cha kushoto, na yalikuwa na tope jeupe la kisimani, tope ambalo Tabora nzima lilikuwa likipatikana mahali pamoja tu. Mchana ule alikwenda Gongoni peke yake, akapiga magoti juu ya mfuniko, akaweka sikio. Kisha akarudi nyumbani. Kesho yake mgeni alikuja, watoto wakaimba, na bomba la Gongoni likafunguliwa kwa utepe.

Mwamvita alirudi wiki iliyofuata. Alikuwa Ujiji, kwenye arusi ya dada yake. Akakuta mlango umerudishiwa, chungu kimeota ukungu, mume hayupo. Majirani wakamhurumia kwa namna ile inayouma kuliko kusemwa: walimwambia Mabruki amekosa kazi, visima vimezibwa, mwanamume akikosa kazi hupanda treni. Huenda walipishana njiani. Mwamvita alingoja mwaka, akangoja wa pili. Mashekhe walimwambia akitaka ndoa ivunjwe, njia ipo. Akakataa, akisema anamngojea arudi ili amtemee mate usoni kwanza.

Tangu hapo alikuwa na wimbo wake pale bombani, na mtaa mzima uliujua. "Mabruki wangu yuko Ujiji, anakula migebuka ya ziwani na mke mwenye meno ya dhahabu. Mungu amtie mwiba wa migebuka kooni." Wanawake walikuwa wanacheka mpaka ndoo zinamwagika. Na Hilari, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua koki, aliusikia mwaka baada ya mwaka. Alikaza nati, akaaga, akaenda zake.

Sasa turudi kwenye ukame. Vile visima vinane vilifunguliwa kwa wiki mbili. Vitatu vilikuwa vimefukiwa na takataka tangu chini. Viwili vilitoa maji ya chumvi. Vitatu vilitoa maji kidogo, mazito, ya kugombaniwa. Eustace alichora miduara ya miche ya mikuyu kuzunguka kila kimoja, akapimia mifereji, akawapa mabalozi wa nyumba kumi zamu za kuchimba. Ilikuwa kazi ya maana, ila ilikuwa ya miaka kumi ijayo. Watoto wa Gongoni walikuwa wanaharisha sasa hivi, kwa maji waliyokuwa wanachota kwenye madimbwi ya kunyweshea ng'ombe. Wiki moja walizikwa wawili.

"Wazee wananiambia kuna kisima cha tisa," Eustace alisema siku moja wiki hiyo. "Hakiko kwenye ramani yako."

"Kilijaa mawe," Hilari alijibu. "Kibovu. Tutapoteza siku bure."

Uongo huo ulitoka kinywani mwake kirahisi, akashangaa mwenyewe. Alipogeuka alimkuta Mwamvita amesimama mlangoni mwa ofisi na ndoo tupu. Amenenepa, nywele zimeingia mvi, na sauti yake ilikuwa ile ile.

"Bwana Hilari, shikamoo ya maji hiyo, maana ya umri hatudaiani," alisema, na karani akacheka. "Nimesikia unasema Kisima cha Wapagazi ni kibovu. Si kweli. Mimi nimelala na mtu aliyekuwa anakifukua. Mume wangu hafai kwa lolote, mwongo, mtoro, lakini kwenye kisima hakuwahi kudanganya. Alikuwa ananiambia, Mwamvita, dunia nzima ikikauka, kile kitabaki. Kifungueni. Jana tumemzika mtoto wa jirani yangu. Nilimwosha kwa kopo moja la maji."

Hilari alishika ukingo wa meza. Ndani ya ukuta, nyuma ya mgongo wake, hewa ilipita bombani ikagonga.

Kesho yake saa nne asubuhi alikwenda nyumbani kwa Mwamvita. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakalishwa kwenye kigoda barazani. Mwamvita alikuwa akipepeta unga. Hakukuwa na vitumbua siku hizo, kwa sababu hakukuwa na maji ya kukorogea, ila mikono haikujua kukaa bure. Hilari alikuwa amejipanga kusema maneno mengi ya utangulizi. Yote yalimkimbia.

"Dada Mwamvita, Mabruki hakwenda Ujiji."

Ungo uliendelea.

"Yuko kisimani. Niliziba Jumamosi, tangazo lilisema Jumatatu. Nadhani alishuka kukifukua mara ya mwisho. Bibi mmoja aliniambia nigonge niulize. Sikugonga."

Sasa ungo ulisimama. Mwamvita hakulia wala hakupiga ukunga. Alitazama unga kama anayetafuta mchanga ndani yake.

"Aligonga?" aliuliza.

"Aligonga."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Usiniongopee barazani kwangu. Mtu akigongewa hivyo anahesabu."

"Saba."

"Na ulijua lini kwamba ni mtu?"

"Jumanne. Niliona makatambuga yake."

"Ukafanyaje?"

"Nilikwenda. Nikaweka sikio."

"Ukasikia nini, Hilari?"

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyemwuliza swali hilo. Hakuwahi kulijibu hata mbele ya padri, kila Pasaka alikuwa akiungama dhambi nyingine. Kisha akaona kwamba alikuwa ametembea mpaka pale kwa ajili ya jibu hilo hilo.

"Mara moja," alisema. "Nilisikia mara moja. Nikajiambia ni joto linaipasua saruji. Kesho yake mgeni alikuwa anakuja. Nikaondoka."

Mwamvita aliuweka ungo chini taratibu. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu ya siku za treni.

"Mle mna maji. Mtu mwenye maji hafi kwa siku tatu."

"Najua."

"Mabruki alikuwa mtu mvumilivu. Hafi hata kwa siku sita."

"Najua, dada. Najua. Nitakwenda polisi leo hii."

"Utakwenda," alisema Mwamvita. "Lakini kwanza utakifungua. Watoto wa watu wana kiu."

Mayala alikataa kushika mtaimbo, hakuna aliyemlazimisha. Hilari alivunja saruji yake mwenyewe, na ilimpa taabu, kwa sababu aliipaka vizuri. Adhuhuri mfuniko ulisogea. Hewa ya baridi ilipanda juu, ya unyevu, na watu wa Gongoni waliokuwa wamekusanyika walirudi nyuma hatua tatu nne. Eustace alitaka kumfunga kamba Tobias amshushe. Hilari akamnyang'anya kamba.

Alishuka kwa vile vidato. Maji yalimfika kifuani, safi, mengi, yakiingia kutoka pangoni kwa mnong'ono. Aliinua taa.

Mabruki alikuwa amekaa pangoni, juu ya ukingo wa mwamba, mgongo ukutani. Yaliyobaki yake yalikuwa yamekaa hivyo. Kando yake palikuwa na tope lililorundikwa vizuri, tabaka juu ya tabaka, tope jingi mno, kuliko linaloweza kutolewa na mtu mmoja kwa asubuhi moja. Sululu yake ilikuwa imelala mdomoni mwa mkondo, na mkondo ulikuwa umepanuliwa mpaka mtu anaweza kupenyeza mabega. Alikuwa akitafuta njia ya kutokea, au alikuwa akimalizia kazi yake, au mikono yake nayo haikujua kukaa bure. Hilari alisimama mle majini akilia kwa sauti, na walio juu walimsikia, na safari hii hakuna aliyedhani ni mpagazi.

Mabruki alizikwa alasiri hiyo hiyo, akasaliwa. Sheikh wa mtaa aliamuru kisima kitekwe, maji yamwagwe, kitekwe tena mpaka yatoke mapya. Eustace aliyaelekeza maji hayo kwenye miche yake ya mikuyu. Siku nne walimwaga, na kisima hakikupungua shibiri. Siku ya tano sheikh alikionja, akasema maji ni twahara.

Lakini hakuna aliyeteka. Walisimama na madebe yao, Gongoni nzima, wake kwa waume, wakiyatazama maji. Haikuwa kinyaa. Bibi mmoja alianza kusema, "Sisi tulifukiza ubani," akashindwa kumaliza, akajifunika uso kwa kanga. Kila mwenye umri wa miaka ishirini na zaidi pale alikuwa amesikia kule kugonga. Walioamini mizimu walikimbia, asiyeamini akaziba, na katika mji mzima hakupatikana mtu mmoja wa kuuliza ni nani.

Hilari alikuwa pembeni na askari wawili. Alikuwa amejisalimisha tangu siku ile, na aliomba aletwe aone kisima kikitekwa kabla ya kupelekwa mahabusu ya mkoa. Askari walikuwa watu wa Gongoni, wakamkubalia.

Mwamvita alikuja akiwa amejitanda nguo nyeupe ya eda. Sheikh alimruhusu kutoka siku hiyo moja, kwa shida ya watu. Alipita katikati yao bila kumwangalia yeyote, akashusha ndoo, akavuta, akajaza kata. Akanywa yote. Akapangusa mdomo.

"Nyinyi mlisikia, nanyi mtaishi nalo," aliwaambia. "Ila watoto hawakusikia kitu. Wachoteeni."

Hakuna aliyesogea bado. Mwamvita aligeuka, akaenda mpaka alipokuwa Hilari, akasimama karibu kiasi cha askari kuinua mkono.

"Kifo chake labda nitakusamehe," alisema. "Sijui. Nina miezi minne na siku kumi za kufikiri. Lakini ulikuwa unakuja pale bombani, Hilari. Unakaza nati zako. Unanisikia nikimtukana, nikimwombea mwiba wa koo, wanawake wanacheka, na mtu mwenyewe yuko hatua mia moja, amenifia mikononi mwa watu wote hawa. Miaka kumi na moja uliniacha nimtukane. Wewe utafungwa na utatoka. Niambie mimi nikamwombe nani radhi."

Askari akamgusa bega wakaanza kwenda, na nyuma yao mama mmoja aliyezika mtoto wiki ile akawa wa kwanza kushusha ndoo.